Soli ya Kiatu cha Kushoto

"Nani anayezungusha hizi skrubu nyumbani?"

Daktari wa mifupa aliuliza huku amewapa mgongo, macho yake kwenye picha ya eksirei iliyowekwa mbele ya taa. Nyuma yake walikuwepo watatu. Mgonjwa alikuwa kitandani, mguu wake wa kushoto umezungukwa na pete nne za chuma zilizoshikiliwa na nyaya zilizopenya mpaka kwenye mfupa. Mama yake mzazi alikaa kwenye kiti, mkoba mapajani. Mchumba wake, mwanamke fundi viatu mwenye vidole vilivyogandwa na gundi, alisimama karibu na mlango.

"Mimi, daktari," fundi alijibu.

"Mara ngapi kwa siku?"

"Mara nne, robo mzunguko kila mara. Asubuhi, mchana, jioni na kabla hajalala. Zote nimeziandika." Alitoa daftari kwenye kikapu. Kila siku ilikuwa na alama zake nne, zimenyooka kama mshono.

"Hakuna siku uliyozidisha?"

Hapo angeweza kusema hapana, na hakuna ambaye angejua. Lakini huyu ni mtu ambaye mteja akisahau soksi ndani ya kiatu humfuata nazo mpaka barabarani.

"Ipo moja," alisema. "Mchana ule nilibanwa na kazi, nikachelewa. Jioni nikazungusha robo mbili kwa pamoja."

Mama mtu aligeuza shingo polepole.

"Nawauliza kwa sababu hii," daktari alisema na kugonga picha kwa kalamu. "Tulikata mfupa, sasa tunauvuta milimita moja kwa siku, ili mwili ulijaze pengo kwa mfupa mpya. Hii ni wiki ya sita. Hapa katikati nilitarajia kuona weupe mwembamba, kama ukungu. Pako peusi. Mwili haujazi kitu."

"Naona," mgonjwa alisema kwa sauti ndogo. Yeye ni mpiga picha za harusi, mambo ya nyeusi na nyeupe hafundishwi.

"Wewe bwana, unavuta sigara?"

"Niliacha, daktari. Miezi miwili kabla ya upasuaji, kama ulivyoniagiza."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Mficha uchi hazai. Nieleze tu."

"Sina cha kuficha."

Mama yake akaingilia. "Mwanangu haongopi, daktari. Si umesikia mwenyewe? Huyu hapa alizungusha mara mbili."

"Sijasema hivyo, mama," daktari alijibu, lakini mama alikuwa keshasikia alichotaka kusikia. "Tutafanya hivi. Mmefika sentimita nne. Kuanzia leo tunarudi nyuma. Utazungusha kinyume, mpaka zibaki mbili. Tuisogeze ile mifupa ikaribiane, huenda itashika. Na moshi wa sigara, uwe wake au wa jirani, usiingie chumba anacholala."

"Na hizo nyingine?" mpiga picha aliuliza.

"Hizo utazivaa kiatuni, kama zamani."

Fundi alimtazama mchumba wake. Siku ile ya robo mbili, yeye ndiye aliyemwambia, "Zungusha tu mbili, Fundi, zitafidia." Alisubiri aliseme hilo. Mpiga picha aliendelea kutazama picha.

Tuwaeleze kidogo hawa wawili walikotoka, ili msije mkamhukumu mtu kabla ya wakati.

Miaka mitatu nyuma, mpiga picha aliingia kwenye kibanda cha viatu akichechemea. Ugonjwa wa mifupa wa utotoni ulimwacha na mguu wa kushoto mfupi kwa sentimita nne na nusu, na kiatu alichotengenezewa kuufidia kilikuwa kizito kama tofali.

"Fundi, hiki kiatu kinanichosha kuliko mguu wenyewe," alisema.

"Vua, mteja. Niachie mpaka kesho."

Fundi alichonga soli mpya ya mti mwepesi, akaitoboa ndani mpaka ikawa kama kisanduku, akaifunika kwa kibao chembamba na juu yake akaweka kitambaa cha ngozi. Kwa nje ilionekana soli kama soli nyingine. Kwamba ndani ni tupu, walijua wao wawili tu. Mteja alizunguka kibanda mara tatu huku anacheka. Tangu siku ile yeye akawa anamwita Fundi, naye anamwita Mteja, hata baada ya posa.

Upasuaji ulikuwa wazo la mpiga picha mwenyewe.

"Mimi nimekupenda na sentimita zako zote, hata zile ambazo hazipo," fundi alimwambia.

"Kila Jumamosi nawapanga maharusi wasimame sawasawa. Siku yangu na mimi nataka nisimame bila kuegemea kitu."

Hapo fundi akakubali. Sharti la daktari lilikuwa sigara, maana moshi unaunyima mfupa damu. Mpiga picha akatupa pakiti nzima mtaroni, fundi akishuhudia. Kwa kuwa mikono ya mpiga picha ilitetemeka kila alipoigusa spana ya kuzungushia skrubu, na mama yake macho yalishapungua, kazi ya kuzungusha ikamwangukia fundi. Kibanda chake kilikuwa hatua chache tu kutoka kwao.

Kile kiatu cha zamani fundi alitaka kukitoa kwa mwenye shida. Mpiga picha akakataa.

"Kiache hapo chini ya kitanda, mkono wangu ukifikie."

"Cha nini tena?"

"Hicho ni barua yako ya kwanza kwangu, Fundi."

Fundi alirudi kazini siku ile akitabasamu peke yake njia nzima. Mapenzi ni upofu, na kwake yalikuwa hata na mafua: gundi ya viatu ilishamuua pua zamani. Mpiga picha alikuwa akimtania, "Pua yako imestaafu." Na kila jioni, akimaliza kuzungusha, alimpa pipi ya mnanaa. "Fungua mdomo, Fundi." Ikawa desturi yao.

Kulikuwa na kinyozi mmoja pia, rafiki wa mpiga picha, aliyekuja kumnyoa kila baada ya siku mbili.

"Kidevu gani hicho kinachoota kama nyasi za mvua?" fundi aliwahi kuuliza. Wote watatu walicheka.

Kuzungusha kinyume ni kazi nyepesi kwa mkono na nzito kwa moyo. Kila robo ilikuwa inarudisha alichokuwa amempa.

"Inauma?" fundi aliuliza siku ya nne, spana mkononi.

"Kidogo."

"Kwa nini hukumwambia Mama?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba wewe ndiye uliyesema nizungushe mbili."

"Nitamwambia. Sasa hivi ana hasira, ngoja zipoe."

"Jana nimemsikia akiongea na mama mdogo kwenye simu. Anasema mkono wa fundi viatu umezoea nyundo, umemlemazia mtoto."

"Mama anasema mengi."

"Na wewe unasema nini?"

"Nasema nakupenda, Fundi. Fungua mdomo."

Hakuwa ameulizwa hilo. Fundi alifungua mdomo hivyo hivyo, akala pipi yake, akaandika alama kwenye daftari. Usingizi ulishamhama siku hizo. Alikuwa akilifungua lile daftari, hata kando ya kitanda cha mchumba wake, analia na kuhesabu robo moja moja tangu siku ya kwanza, anatafuta pengine alipokosea.

Zilipokaribia kubaki sentimita mbili, alisema, "Nipe kile kiatu nikapunguze soli. Utahitaji mbili na nusu tu."

"Tengeneza kipya."

"Ngozi bado nzima, na imeshazoea mguu wako. Kwa nini niitupe?"

"Nimesema kiache."

Ilikuwa mara ya kwanza kumpandishia sauti. Fundi alidhani ni uchungu wa mtu anayerudi alikotoka, akamwonea huruma. Akaamua amfanyie kimyakimya, akipe sura mpya, akirudishe kikiwa kizuri kuliko mwanzo. Jumatatu, mpiga picha alipopelekwa hospitali na mama yake kusafishwa vidonda vya nyaya, fundi aliingia chumbani kwa ufunguo aliopewa, akainama chini ya kitanda, akaondoka na kiatu.

Kazini alikiweka mezani, akabandua kitambaa cha ngozi. Kilibanduka upesi mno. Gundi yake haibanduki hivyo. Akainua kibao.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Cha huyu kilikuwa kiatuni.

Ndani ya ule uwazi alioutoboa kwa patasi yake mwenyewe kulikuwa na sigara tisa zilizofungwa kwenye nailoni, kiberiti, vipisi vitatu vilivyozimwa na kifuko cha pipi za mnanaa.

Alizitazama zile pipi kuliko sigara. Simu ikalia ujumbe.

"Fundi umeingia chumbani? Kiatu sikioni."

Kisha mwingine.

"Usikifungue. Nakuja nikueleze."

Fundi alitafuta kadi ya hospitali, akapiga namba iliyoandikwa chini. Akapokea nesi.

"Dada, samahani. Mtu akizungusha robo mbili kwa pamoja siku moja tu, mfupa unaweza kukataa kuota?"

"Siku moja? Hapana. Ungezidisha kila siku, hapo sawa. Ni yule wa picha, siyo?"

"Ndiye."

"Daktari anasumbuliwa sana na kesi yake. Kijana, damu safi, kila kitu kizuri. Kwa mgonjwa kama huyo jambo la kwanza tunalowaza ni sigara. Inaibana mishipa midogo ya damu, na mfupa mchanga bila damu ni bure. Lakini amesema havuti."

"Ndiyo," fundi alisema. "Amesema havuti."

Alipokata tu, simu ikaita. Aliiacha iite mpaka karibu ikatike.

"Fundi."

"Ngapi kwa siku?"

"Tatu. Siku mbaya, tano."

"Tangu lini?"

"Wiki ya kwanza. Maumivu yalinizidi. Nikamwomba kinyozi moja tu, nikasema hiyo ndiyo ya mwisho."

"Na pipi?"

"Mama pua yake haijastaafu."

"Kwa hiyo zilikuwa za Mama. Mimi nilikuwa nalishwa ili nisiulize."

"Usiseme hivyo. Nisamehe, Fundi. Naapa sitagusa tena."

"Nisikilize. Sigara ningekusamehe. Maumivu yako nimeyaona mimi, nimekushika mkono ukiuma mto. Ungeniambia tu, 'Fundi, nimeshindwa,' tungeenda wote kwa daktari siku hiyo hiyo. Lakini umeniona nikilia juu ya lile daftari. Umeniona nikihesabu robo moja moja kutafuta nilipokulemaza. Ulikuwa umekaa hapo hapo, mkono mmoja chini ya kitanda."

Upande wa pili alikuwa analia. Fundi naye alikuwa analia, ila sauti yake haikuyumba.

"Mwambie Mama," alisema.

"Fundi, Mama ataumia. Ameniuguza na mguu huu tangu nina miaka sita. Akijua nimeuharibu mwenyewe..."

"Kwa hiyo bora aendelee kujua nimeuharibu mimi."

"Sikusema hivyo."

"Kiatu kitakuwa tayari Alhamisi. Nikikileta, nikukute umemwambia. Ukimwambia, mengine yote tutayamaliza wawili na harusi iko pale pale. Sikudai kitu kingine maishani."

Siku tatu zile ujumbe ulimiminika.

"Nimezitupa zote. Kinyozi nimemfukuza."

Fundi alijibu: "Umemwambia?"

"Leo jioni nitamwambia."

Jumatano asubuhi: "Siku ya pili sijavuta. Nakupenda kuliko mguu wangu."

"Umemwambia?"

"Presha yake imepanda kidogo. Kesho, Fundi. Kesho kabla hujafika."

Alhamisi mchana fundi aliingia na kiatu kwenye mfuko wa karatasi. Mama alikuwa sebuleni na mdogo wake, yule mama mdogo wa kwenye simu. Mpiga picha alikuwa kwenye kochi, mguu na vyuma vyake juu ya stuli. Alipomwona fundi, aliinamisha macho. Fundi alijua pale pale, lakini mtu anayependa huwa na ubishi wa kitoto. Alikaa, akatoa kiatu, akakiweka kwenye mapaja ya mpiga picha.

Mpiga picha alikipima mkononi. "Kizito."

"Soli ni mti mzima kutoka juu mpaka chini. Safari hii hakina uwazi."

"Uwazi gani?" mama aliuliza.

Mlango ulikuwa umefunguliwa, kilichobaki ni mtu kupita. Fundi alimtazama mwanaume wake na kumsubiri. Alimsubiri kuliko alivyowahi kumsubiri mtu. Alimsubiri kwa miaka yao yote mitatu.

"Mambo ya ufundi tu, Mama," mpiga picha alisema.

Mama akatikisa kichwa, akamgeukia fundi. Uso wake ulikuwa wa upole, na upole ule ndio uliokata zaidi.

"Mwanangu, nimeongea na mdogo wangu hapa, amenituliza. Nilikusema sana. Binadamu hukosea, na wewe hukukusudia. Nimekusamehe. Mbele yake nasema, nimekusamehe."

"Asante, Mama," fundi alisema.

Alifungua kikapu. Akatoa daftari, akaliweka mezani. Akatoa spana, akaiweka juu ya daftari. Akatoa ufunguo wa mlango.

"Robo zilizobaki nimeandika ukurasa wa mwisho. Atazungusha mwenyewe. Mikono haitetemeki kama anavyosema, ilikuwa inafungua na kufunga vitu vidogo vizuri tu."

"Unakwenda wapi?" mama aliuliza.

"Kazini, Mama."

"Fundi," mpiga picha aliita. Alijaribu kuinuka, vyuma vikagonga stuli, akaketi tena kwa maumivu. Fundi aliusikia ule mlio, na mguu wake mmoja ukataka kurudi. Hakurudi.

Miezi mitano ikapita. Fundi alibadilisha namba ya simu, akahamisha meza yake ya kazi ikatazama ukuta badala ya barabara. Watu walimuuliza harusi lini, akawa anawauliza wao viatu vimeharibika wapi.

Asubuhi moja mama mtu alikuja peke yake. Alisimama kizingitini kwa muda, amekaza mkono kwenye mkoba.

"Karibu, Mama. Kaa." Fundi alivuta kigoda.

"Sikai. Nikikaa nitashindwa kusema." Alivuta pumzi. "Amenieleza jana. Sigara, kiatu, yule kinyozi, yote. Hakuulizwa na mtu. Tulikuwa tunakula, akaweka chini tonge, akasema."

Fundi aliweka nyundo mezani.

"Nilikusamehe," mama aliendelea, na sauti ikaanza kumvunjika. "Mbele ya mdogo wangu. Nilikusamehe kosa la mwanangu, na wewe ukaniambia asante. Tangu jana najiuliza, ile asante uliitoa wapi?"

"Hukujua, Mama."

"Sikutaka kujua. Harufu niliwahi kuisikia siku moja, nikasema ni ya jirani. Na hofu ile ya machozi yangu, mimi ndiye niliyemfundisha. Kila alipoanguka utotoni, nililia mpaka yeye ndiye akawa ananibembeleza." Sasa alikaa. "Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe, Mama. Hili kweli limeisha."

Walikaa wakishikana mikono, mkono mkavu wa mzee na mkono wa gundi.

"Mfupa ulishika," mama alisema baadaye. "Tangu aache moshi, picha zikaanza kuwa nyeupe. Vyuma vimetoka wiki iliyopita."

"Namshukuru Mungu."

"Yuko pale nje, ng'ambo ya barabara. Anauliza kama anaweza kuja."

Fundi aligeuka. Alikuwepo kweli, mbele ya duka la vitabu, amevaa shati jeupe. Miguu yote miwili ilikuwa imekanyaga sawa, na hakuwa ameegemea kitu.

"Mama, mwambie nimefurahi kuona anasimama."

"Hilo tu?"

"Mwambie sikumwacha kwa ajili ya sigara."

"Anajua. Anajua ni ile siku ya Alhamisi."

"Basi hana cha kuja kusikia."

"Bado unampenda," mama alisema. Hakuwa anauliza.

"Sana," fundi alijibu. "Lakini nitakuwa mgonjwa siku moja na mimi, Mama, au nitakosea, au nitasingiziwa. Nitamtazama aseme neno moja. Na nitakumbuka alivyotazama kile kiatu."

Mama alimbusu kwenye paji la uso, akatoka, akavuka barabara. Fundi aliona akimsemesha mwanawe, akaona kichwa cha mwanaume kikiinama. Kisha wakaondoka wawili, taratibu.

Macho ya fundi yalishuka yenyewe miguuni, hiyo ni tabia ya kazi. Kisigino cha kushoto kilitua sawa na cha kulia, bega halikushuka, kiuno hakikupinda. Alikuwa amevaa kile kiatu cha Alhamisi: soli ya sentimita mbili na nusu, hazikuzidi wala hazikupungua. Alikuwa amempimia vizuri. Alimtazama mpaka alipopotea kwenye kona, ndipo machozi yakamtoka yote aliyoyaweka tangu Alhamisi ile.

Mwanamke mmoja aliingia na jozi ya viatu mkononi, akasita.

"Fundi, vipi, unalia?"

"Gundi hii," alisema, akajifuta kwa kiwiko. "Inachoma macho. Hebu lete tuone vimeachia wapi."